Muulize Bibi Mwalimu: Ile 12 ilitoka wapi?

Mwezi huu barua zenu zimejaa x. Kidato cha Pili wanakaribia mtihani, na mtihani unapokaribia hata wazazi hukumbuka kwamba kuna kitu kinaitwa aljebra. Karibu barua zote zinagusa jambo moja: mlinganyo wa kwadratiki, ule wenye x², na namna ya kuuvunja kwa vigawo, yaani kuuandika kama mabano mawili yanayozidishana. Wanafunzi wangu walikuita "kufaktaraizi" miaka yote thelathini na mmoja niliyofundisha, na mimi nilichoka kuwasahihisha mapema sana. Nimechagua barua saba. Nimezifupisha, lakini hesabu za watu sikuzigusa, hata zile zilizokosewa. Hasa zile zilizokosewa.

Shikamoo Bibi. Nipo Kidato cha Pili. Tulipewa x² + 5x + 6 = 20. Nikatafuta vigawo nikapata (x + 2)(x + 3) = 20. Kwa hiyo x + 2 = 20 au x + 3 = 20, yaani x ni 18 au 17. Mwalimu akaweka kosa kubwa jekundu na pembeni akaandika "SIFURI!" Sijaelewa kama hizo ni alama zangu au ni maelezo. — Binti, Lushoto

Marahaba mjukuu wangu. Nadhani ni yote mawili.

Kwanza tuijaribu hiyo 18 yako. Kumi na nane mara kumi na nane ni 324. Ongeza 5 mara 18, yaani 90. Ongeza 6. Imefika 420. Ulitakiwa upate 20, umezidi kwa mia nne! Ungejaribu jibu lako kabla ya kupeleka daftari, ungejikamata mwenyewe na mwalimu asingepoteza wino.

Sasa sikiliza. Nikikuambia nina namba mbili mfukoni, nimezizidisha nikapata 20, utazijua? Huenda ni 4 na 5. Huenda ni 2 na 10. Huenda ni 40 na nusu, au −4 na −5. Washukiwa hawahesabiki, na huwezi kumshika hata mmoja. Lakini nikikuambia nimezizidisha nikapata sifuri, mchezo umekwisha: moja kati yake ni sifuri, labda zote mbili. Hakuna namba mbili zisizo sifuri zinazoweza kuzidishana zikazaa sifuri, utafute mpaka kesho. Ishirini inawaficha wazazi wake, sifuri inawataja.

Ndiyo maana kabla ya kugusa vigawo tunahamisha kila kitu upande mmoja, upande wa pili ubaki mtupu. Neno lenyewe "sifuri" tulilipata kutoka Kiarabu, na huko maana yake ni tupu. Toa 20 pande zote:

x² + 5x − 14 = 0

Namba mbili ambazo zao lake, yaani ukizizidisha, ni −14 na jumla yake ni 5? Ni 7 na −2. Kwa hiyo (x + 7)(x − 2) = 0, na sasa unayo ruhusa ya kusema x + 7 = 0 au x − 2 = 0. Majibu ni −7 na 2. Yajaribu: 4 + 10 + 6 ni 20. Na 49 − 35 + 6 ni 20 pia.

Bibi Mwalimu, mimi ni fundi vigae, niliishia darasa la saba. Binti yangu ananiuliza kwa nini wanatafuta "namba mbili ambazo zao ni hii na jumla ni ile". Kwa nini jumla? Kwa nini zao? Mwalimu wake amesema ni kanuni. Nataka nimweleze mimi, asinione sijui kitu. — Baba, Kahama

Fundi, barua yako imenifurahisha kuliko zote, kwa sababu wewe unajua jibu tayari, hujaambiwa tu kwamba unalijua.

Chukua kartoni ya sabuni na mkasi. Kata mraba mmoja mkubwa, kila upande urefu wa kiganja chako. Usiupime, uite x tu. Huo ni x². Halafu kata vipande vitano vyembamba, urefu wake sawa na upande wa ule mraba, upana wake kidole kimoja. Hizo ni 5x. Mwisho kata viraba vidogo sita, kidole kwa kidole. Hizo ni 6. Mezani una x² + 5x + 6.

Sasa mwambie binti yako avipange vyote vifanye mstatili mmoja, bila pengo na bila kubaki hata kimoja. Usimsaidie. Ataweka mraba mkubwa kwenye kona, kama wewe unavyoanza chumba. Vile vipande vitano atavigawa, vingine upande wa kulia, vingine upande wa chini. Akiweka kimoja kulia na vinne chini, pale konani patabaki shimo la 1 kwa 4. Linameza viraba vinne, viwili vinabaki mkononi. Akiweka vyote vitano upande mmoja, hakuna kona kabisa, na viraba sita havina pa kwenda. Akiweka viwili kulia na vitatu chini, kona ni ya 2 kwa 3, na sita zinaingia kama zilizaliwa pale.

Hapo ndipo jumla na zao zinapokutana. Vipande vitano lazima vigawane pande mbili: hiyo ndiyo jumla. Kona inayozaliwa na pande hizo lazima imeze viraba sita: hilo ndilo zao. Pima pande za mstatili mzima, utakuta upande mmoja ni x + 2 na mwingine x + 3. Binti yako amepata (x + 2)(x + 3) bila kushika kalamu.

Akishamaliza, mpe kiraba cha saba na umwambie apange tena. Hataweza. Vipande vitano vikibaki vizima, kona kubwa kuliko zote ni hiyo ya 2 kwa 3. Ataona kwa macho yake kwamba x² + 5x + 7 haivunjiki kwa namba nzima. Watoto wengi huanza kuipenda hesabu pale wanapogundua kwamba kuna kitu hakiwezekani na kwamba kosa si lao.

Namba hasi kwenye kartoni zinasumbua kidogo. Zichukue kama kipande ulichokikata ukakitupa, na usimchoshe mtoto siku ya kwanza.

Bibi, x² = 7x. Nikagawanya pande zote kwa x, nikapata x = 7. Nikapewa nusu ya alama. Naonewa? — Mvulana, Mtwara

Huonewi, umetupa ndugu mmoja njiani. x² − 7x = 0, toa x nje ya mabano, x(x − 7) = 0. Kwa hiyo x ni 0 au 7. Ulipogawanya kwa x hukujiuliza: na kama x yenyewe ni sifuri? Kugawanya kwa sifuri hakuruhusiwi, na sifuri ndiyo ilikuwa imejificha ndani ya hiyo x. Gawanya kwa 7, gawanya kwa 4, gawanya kwa namba yoyote unayoijua sura yake, ila usiiondoe herufi usiyoijua kwa kuigawanya. Nusu ya alama ni huruma ya mwalimu wako. Kampe salamu zangu.

Hujambo mwalimu. Mimi hesabu zikianza na x² peke yake siogopi. Zikianza na 6x² naanguka. Mfano 6x² + x − 12 = 0. Nimezidisha 6 kwa −12 nikapata −72, nikatafuta 9 na −8. Halafu: 6x² + 9x − 8x − 12 = 3x(2x + 3) − 4(2x − 3). Mabano hayafanani. Nimerudia mara nne. — Mwanafunzi, Voi

Sijambo mwanangu. Umefika mlangoni ukakosea kitasa. Kazi yako ni nzuri mpaka kwenye −4.

Itazame kwa karibu sehemu hii peke yake: −8x − 12. Unataka kutoa −4 nje. Hasi nne mara ngapi inaleta −8x? Mara 2x. Hasi nne mara ngapi inaleta −12? Mara 3, tatu chanya. Wewe umeandika −3, na −4 mara −3 ni +12, si −12. Umeitoa ile hasi nje, halafu ukaibakiza na ndani pia. Hasi ikitoka nje ya mabano, kila aliyebaki ndani anageuza alama yake. Kosa hili nimelikuta kwenye madaftari kuliko kosa jingine lolote, na wanaolifanya si wavivu. Ni wale wanaoandika haraka kwa sababu wanaelewa.

Sahihisha:

3x(2x + 3) − 4(2x + 3) = 0

Mabano sasa ni mapacha. Toa pacha mmoja nje: (2x + 3)(3x − 4) = 0. Kwa hiyo x ni hasi moja na nusu, au moja na theluthi.

Umefanya vizuri kupata 9 na −8, ila hukusema ulizipataje, na nina wasiwasi ulibahatisha. Nilikuwa nawaambia wanafunzi waandike orodha kwenye pembe ya karatasi: 1 na 72, 2 na 36, 3 na 24, 4 na 18, 6 na 12, 8 na 9. Basi, imekwisha, hakuna jozi nyingine. Zao ni hasi, maana yake namba mbili za jozi zina alama tofauti, hivyo unatafuta jozi ambayo ukitoa ndogo kwenye kubwa inabaki 1. Ni 8 na 9, na kubwa inachukua chanya kwa sababu katikati una +x. Dakika moja. Waliokuwa wakifanya kichwani ili waonekane hodari ndio niliowakuta bado wanakuna vichwa kengele ikilia.

Na kwa nini unazidisha 6 kwa −12? Ulipaswa kuuliza hivyo! Hukuuliza, basi tuendelee.

Mwalimu, nasomea ualimu. Nilikaa robo saa nzima nikitafuta vigawo vya x² + 6x + 7 = 0 mbele ya wanafunzi. Niliaibika. Nitajuaje mapema kwamba vigawo havipo? — Mwanachuo, Morogoro

Robo saa mbele ya darasa ni kama saa tatu, pole. Mimi nimewahi kukaa zaidi.

Chukua namba ya katikati, izidishe kwa yenyewe, halafu toa mara nne ya zao la namba ya kwanza na ya mwisho. Hapa namba ya kwanza, ile ya x², ni 1, hivyo 36 − 28 inabaki 8. Sasa jiulize: 8 ni namba nzima iliyozidishwa kwa yenyewe? Siyo. Basi usihangaike na vigawo vya namba nzima wala vya sehemu, havipo. Ingekuwa x² + 6x + 8, ungepata 36 − 32, yaani 4, ambayo ni 2 mara 2. Hapo vigawo vipo, na kweli ni 2 na 4. Kipimo hiki ni cha sekunde kumi, kifanye nyumbani kabla hujaandika swali ubaoni.

Siri nyingine ya kazi, sasa kwa kuwa unaingia kwenye chama: mtunga mtihani huanza na majibu. Nilikuwa nachagua, tuseme, 3 na −5, naandika (x − 3)(x + 5), nazidisha, napata x² + 2x − 15, halafu ndiyo naliita swali. Mwanafunzi anarudi nyumbani kwa njia niliyotoka. Kwa hiyo swali likisema "kwa njia ya vigawo", vigawo vipo, kuna mtu aliviweka. Swali lililotoka kwenye maisha halina aliyeliandaa, na mara nyingi halivunjiki.

Na ikikutokea namba kubwa, mfano x² − 30x + 221 = 0, usianze kuorodhesha jozi. Unatafuta namba mbili zenye jumla 30. Wastani wake ni 15. Kama moja imezidi 15 kwa kiasi fulani, nyingine imepungua kwa kiasi hicho hicho. Zimesimama pande mbili za 15 kwa umbali mmoja. Zao lake ni 15 mara 15 kutoa umbali mara umbali. Yaani 225 kutoa kitu fulani ni 221. Kitu hicho ni 4, umbali ni 2, namba ni 13 na 17. Waandishi wa Babeli walikuwa wakitumia nusu ya jumla namna hii kwenye mabamba ya udongo miaka kama 1800 kabla ya Kristo. Mwaka 2019 mwalimu wa chuo kikuu huko Marekani, Po-Shen Loh, aliifufua na kuieneza, watu wakashangilia kama kitu kipya. Sina kinyongo. Kitu kizuri kinastahili kugunduliwa mara mbili.

Jaribu njia hiyo kwenye ule mlinganyo uliokuaibisha. Vigawo vinataka jumla 6, nusu yake 3. Tisa kutoa kitu fulani ni 7, kitu hicho ni 2, umbali ni kipeuo cha pili cha 2. Ndani ya mabano namba hizo zinajumlishwa na x, kwa hiyo majibu yanageuza alama: ni −3 jumlisha kipeuo hicho, na −3 kutoa kipeuo hicho. Vigawo vilikuwepo muda wote, ila havikuwa namba za kuhesabia kwa vidole.

Shikamoo Bibi. Mimi nashona nguo, shule niliacha Kidato cha Tatu. Mdogo wangu anakesha na kwadratiki, nami namcheka. Niambie ukweli wako: umewahi kuitumia hata siku moja nje ya ubao? — Fundi cherehani, Pangani

Marahaba mwanangu. Ukweli wangu: sokoni sijawahi, jikoni sijawahi. Lakini kuna hesabu moja ya khanga niliyotembea nayo zaidi ya miaka ishirini, na kwa kuwa wewe ni fundi, utanielewa kuliko wale niliowafundisha.

Mwaka 1994 nilikuwa nafundisha shule moja ya bweni. Nilichoka na maswali ya "mstatili fulani", nikaamua kuwapendeza wasichana. Nikatunga: khanga ina urefu wa desimita 15 na upana wa desimita 11. Pindo lake lina upana mmoja pande zote nne. Mji wa khanga, pale katikati, una eneo la desimita za mraba 117. Pindo lina upana gani? Wasichana wakanirukia hapo hapo: mwalimu, pindo la khanga huwa pana zaidi huku pembeni, si sawa pande zote! Nikawaambia hii ni khanga ya hesabu, wakanisamehe.

Pindo ni x. Linakula x kila upande, kwa hiyo mji una urefu 15 − 2x na upana 11 − 2x.

(15 − 2x)(11 − 2x) = 117

Ukizidisha, 165 − 52x + 4x² = 117. Hamisha: 4x² − 52x + 48 = 0. Gawanya kwa 4, nayo inaruhusiwa, maana 4 tunaijua sura. x² − 13x + 12 = 0. Namba mbili zenye zao 12 na jumla −13 ni −1 na −12. (x − 1)(x − 12) = 0. Pindo ni desimita 1 au desimita 12.

Desimita moja ni sentimita kumi, pindo zuri tu. Na 12? Darasa likacheka. Pindo la desimita 12 kwenye khanga yenye upana wa 11! Nikaandika ubaoni "halifai", nikapiga mstari. Kijana mmoja aliyekuwa akikaa nyuma, asiyesema sana, akanyoosha mkono. "Mwalimu, hiyo 12 imetoka wapi?" Nikamwambia ni jibu lisilofaa, likate. Akasema, "Lakini halijatoka hewani. Sisi tumefuata njia moja, kwa nini jibu moja liwe la kweli na jingine la uongo?" Nikamwambia akae chini, muda umekwisha. Muda haukuwa umekwisha. Nilikuwa sijui, na chaki ilikuwa mkononi mwangu, si mwake.

Nilistaafu bila kujua. Mwaka 2017 nikawa nashona kitambaa cha meza sebuleni, nimekitandaza sakafuni, nachora mistari ya pindo kwa chaki ya fundi. Macho yangu si yale ya zamani. Nikasoma tepu vibaya, nikapima kutoka kushoto mpaka kupita katikati ya kitambaa, nikachora. Nikapima kutoka kulia kipimo kile kile, nikachora. Mstari wa kushoto ukawa upande wa kulia, na wa kulia ukawa kushoto. Imepishana! Nikataka kuifuta, nikakumbuka yule kijana. Nikabaki nimepiga magoti pale na chaki yangu.

Twende kwenye khanga. Pima 12 kutoka kushoto kwenye urefu wa 15, mstari wako unasimama kwenye 12. Pima 12 kutoka kulia, unasimama kwenye 3. Imepishana, na kati yake kuna 9. Sasa upana, ambao ni 11. Pima 12 kutoka juu, umetoka nje ya khanga kwa 1, chora sakafuni. Pima 12 kutoka chini, umetoka nje upande wa juu kwa 1. Kati ya mistari hiyo kuna 13. Una mistari minne, imefunga mstatili wa 9 kwa 13, na 9 mara 13 ni 117.

Mji ni ule ule! Wa pindo la 1 ni 13 kwa 9, wa pindo la 12 ni 9 kwa 13. Umegeuka tu, kama mtu aliyehamisha kitanda chumbani. Na kwenye mlinganyo iko wazi: 15 − 24 ni −9, na 11 − 24 ni −13. Hasi mara hasi ni chanya, 117. Zile hasi mbili ndizo zinazosema mistari imepishana.

Mlinganyo haujui khanga inaishia wapi, wala haujui mkasi. Niliuliza mistari minne ikae wapi ili ifunge eneo la 117, ukanijibu mara mbili, na mara zote mbili ulisema kweli. Aliyejua kwamba nje ya 11 hakuna kitambaa ni mimi, na mlinganyo sikuuambia. Kama yule kijana anasoma gazeti hili, sasa ni mtu mzima mwenye watoto wanaosoma: ilitoka hapo. Samahani kwa kukuambia ukae.

Wewe fundi ungelikata pindo hilo kwa jicho na ungepatia. Ila mdogo wako usimcheke mpaka mtihani upite.

Bi Mwalimu, asalaam alaykum. Sisi wa Maskati tunasoma safu yako kwa simu. Babu yangu wa Unguja alikuwa akisema aljebra ni yetu, imetoka kwa Waislamu. Ni kweli au ni majivuno ya wazee? — Msomaji, Oman

Waalaykum salaam. Jina ni kweli kabisa. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu chake huko Baghdad yapata mwaka 820, zama za khalifa al-Ma'mun, na neno al-jabr limo kwenye jina la kitabu. Ni kuunga au kurudishia kilichovunjika, na "jabari" yetu ya Kiswahili ni ya mzizi huo huo. Kutatua milinganyo kulianza zamani zaidi, wale wa Babeli nimewataja hapo juu, kwa hiyo babu alikuwa na haki ya jina lakini si ya shamba zima.

Mfano wake maarufu ni huu: x² + 10x = 39. Hakutumia herufi wala alama, aliandika kwa maneno matupu. Naye, fundi wangu wa Kahama atafurahi, alichora. Mraba mmoja, vipande kumi vigawanye vitano huku na vitano kule, kona ikabaki shimo la 5 kwa 5. Jaza shimo kwa 25. Thelathini na tisa na 25 ni 64, upande mzima ni 8, toa 5, x ni 3. Kwa vigawo ni (x + 13)(x − 3) = 0. Kumbe kuna −13 pia, lakini kwake x ilikuwa upande wa mraba, na upande hauwi hasi. Akaiacha. Kwa hiyo na mimi na 12 yangu nina mwenzangu, tena mkubwa.

Chemshabongo

La toleo lililopita: kwenye kikao cha harusi kila mtu alimpa mkono kila mwenzake mara moja, mikono ikawa 66. Walikuwa wangapi? Kila mmoja kati ya watu n alimpa mkono kila mmoja wa wenzake n − 1, ila hapo kila mkono umehesabiwa mara mbili, kwa hiyo n(n − 1) = 132. Yaani n² − n − 132 = 0, (n − 12)(n + 11) = 0, walikuwa 12. Msomaji mmoja aliniletea na ile −11, akauliza kama hao ndio waliotoroka na michango.

La safari hii: mwenye bodaboda alikwenda kijiji cha pili, kilomita 60, kwa mwendo mmoja usiobadilika. Kurudi aliongeza kilomita 10 kwa saa, akaokoa nusu saa. Alikwenda kwa mwendo gani? Utapata majibu mawili, moja hasi. Kabla hujalikata hilo hasi, litazame vizuri, halafu utazame tena alivyorudi.